Tundu la Redio

Kila fundi ana ugonjwa wake. Wa Milimita ulikuwa milango.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila kazi kwake ilibaki na milimita moja. Gari limeshanyooshwa, limeshapigwa rangi, mwenyewe amesimama pale na mkono ameunyoosha anataka ufunguo, naye Milimita anainama, anafumba jicho moja na kusema, "Bado milimita moja tu." Milimita hiyo ilimlia mteja siku mbili nyingine. Watu walinung'unika, wakaapa hawarudi tena, wakarudi. Kizuri chajiuza, na gari lililotoka mikononi mwake lilifungwa mlango kwa kidole kimoja. Kwa mafundi wa bodi mlango ndio cheti. Mwenzako akikutembelea gereji haangalii rangi. Anafungua mlango, anauachia, anasikiliza. Ukijifunga kwa mlio mmoja mzito, anatikisa kichwa kwa heshima. Ukilia kama sufuria iliyoanguka, anakuuliza habari za watoto.

Basi fundi huyo mwenye milango ya sifa alikuwa na gari la nyumbani lililooza. Lilikuwa bandani, nyuma ya nyumba ya mama yake, gari dogo la milango minne, rangi ya buluu. Baba yake alikuwa dereva wa teksi, mtu mpole asiyepiga honi bila sababu. Siku sita gari lile lilibeba watu na mizigo yao. Jumapili alasiri alimketisha mkewe kiti cha mbele, wakazunguka mji bila kwenda kokote. Alipofariki, gari lilisukumwa bandani, likapandishwa juu ya mawe na kufunikwa turubai. Milimita na dada yake walikubaliana kulishughulikia mwezi ujao. Mwezi ujao huo sasa ulikuwa umetimiza miaka ishirini na sita.

Ukimuuliza, angekwambia kazi zimembana. Uongo. Alikuwa analikimbia.

Akiwa na miaka kumi na tisa, alitamani viatu vya kisigino kirefu, vya mtindo wa wakati ule. Mchana kweupe, baba amejilaza baada ya chakula, kijana akaing'oa redio ya gari na kwenda kuiuza. Baba alipoamka, kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele za mwizi. Akatoka mbio hadi kona ya mtaa akimfukuza mwizi aliyekuwa ndani ya shati lake mwenyewe. Wiki ile ile akaonekana na viatu vipya, eti ameazimwa na rafiki. Duka lilikuwa limebakiwa na namba ndogo tu, kwa hiyo vilimbana akachechemea mwezi mzima. Mama yake alimtazama anavyotembea, akamchemshia maji ya chumvi ya kuloweka miguu, asiulize. Baba naye hakuuliza. Tundu likabaki katikati ya dashibodi, mraba mweusi, na kila Milimita alipopanda gari lile lilikuwa likimtazama yeye tu.

Mwaka huu mama alikuwa na miaka themanini na miwili. Presha ya macho ilikuwa imemmalizia nuru yote miaka sita iliyopita, na sasa daktari alisema moyo nao umechoka. Dada, ambaye ndiye aliyeishi naye, akapiga simu gereji.

"Mama ameomba kitu."

"Mama? Kuomba?" Milimita akaweka chini nyundo. Mama yake hakuwa mtu wa kuomba hata chumvi mezani.

"Anasema kabla hajaenda anataka kukaa tena kwenye gari la baba. Jumapili moja tu. Sasa wewe sema una kazi nyingi, nikusikie."

Jumamosi iliyofuata alikwenda bandani na rafiki yake wa miaka mingi, fundi injini aliyeitwa Spana. Walipovua turubai, panya watatu walitoka kwa haraka ya wapangaji waliofumaniwa. Siti ya nyuma ilikuwa imegeuzwa kiota. Petroli iliyobaki kwenye tanki ilikuwa imeganda kama gundi. Kutu ilikuwa imekula sakafu upande wa dereva mpaka ardhi ikaonekana.

"Huyu hajafa," alisema Spana, amepiga magoti mbele ya injini. "Amekasirika tu."

Spana alitoa plagi zote, akamimina oili nyepesi kwenye kila tundu, akakataza mtu kugusa kwa siku tatu. Siku ya nne akatia spana kwenye boliti ya mbele ya injini, akavuta kwa mikono miwili, polepole, anaisemesha kama mgonjwa anayenyweshwa uji. Ikagoma. Akaongeza oili, wakangoja siku mbili nyingine. Alipovuta tena ikakubali robo mzunguko, na wazee wawili wakarukaruka bandani kama watoto. Tanki walilitia kokoto na kulitikisa mpaka kutu ikatoka. Kabureta ililazwa kwenye beseni, ikafunguliwa, ikapulizwa vitundu vyake kimoja kimoja. Breki zilihitaji raba mpya kila gurudumu.

Kazi ya bati ilikuwa ya Milimita, na aliifanya kama mtu anayelipa kitu. Alikata sakafu iliyooza, akachomelea nyingine. Akapiga msasa mpaka ngozi ya vidole ikaisha. Halafu akaufikia mlango wa mbele wa abiria. Mlango ule ulikuwa aibu ya familia. Tangu zamani ulining'inia, kwa sababu pini za bawaba zilikuwa zimelika. Kuufunga kulihitaji uunyanyue kwanza, kisha uubamize, na mara nyingi uubamize tena. Mlango kama huo kwenye gari la baba yake Milimita? Akachonga pini mpya, akatia bushi mpya, akarekebisha milimita kwa milimita. Ulipojifunga kwa kidole kimoja, Spana alivua kofia.

Mwisho akafika kwenye dashibodi. Alilitazama tundu la redio kwa muda mrefu. Kisha akakata kipande cha bati, akakipachika, akachomelea, akasugua, akapiga rangi. Ukipitisha kiganja husikii pa kuungia. Akajiambia ni kwa ajili ya usafi wa kazi. Mtu akishazoea kujidanganya hahitaji hata kujitahidi.

Baada ya miezi minne, Jumapili alasiri, gari lilikuwa nje ya nyumba, linanguruma taratibu. Dada alimtoa mama kwa kumshika mkono, amevaa nguo aliyoichagua tangu juzi. Mama akapapasa boneti, akatabasamu. Milimita akamfungulia mlango, akamketisha, akaufunga kwa kidole kimoja, nusura ajipigie makofi.

Tabasamu la mama likakatika. Akageuza uso kuelekea mlango. Mkono wake ukaenda kwenye dashibodi, ukatembea katikati, ukaenda, ukarudi.

"Baba," alimwita mwanawe, kama alivyomwita siku zote, "hili gari la nani?"

"La baba, mama. Lile lile."

"Gari la baba yako nalijua. Nimelikalia miaka ishirini." Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Kama liliuzwa, sema liliuzwa, sitagomba. Umenitafutia zuri zaidi, nakushukuru. Lakini usinifanyie hivyo kwa sababu sioni."

"Mama, wallahi ni lenyewe!" Dada aliingilia. "Mimi nimeliona likitoka bandani!"

"Wewe tangu utoto unamkingia kifua."

Spana, aliyekuwa kando ya gari, akataka kuapa, mama akamwambia yeye ni rafiki wa mtoto. Akaomba arudishwe ndani. Mlango wa nyumba ukafungwa, na Milimita akabaki barabarani na gari lake linanguruma. Miezi minne! Aliumia, kisha akakasirika, kisha akatulia kwa sababu alijua. Mama hakuwa amekosea. Alishadanganywa na mtoto huyu huyu, juu ya gari hili hili, tena kwa kiapo na mbio za hadi kona ya mtaa. Kwa nini amwamini leo? Na kama moyo wake ungesimama wiki ile, angekufa akijua mwanawe ni mwongo yule yule.

Mafundi hawatupi kitu. Zile pini kuukuu zilikuwa kwenye kopo la maziwa, chini ya meza ya gereji. Kesho yake asubuhi Spana alimkuta ameushusha mlango, anang'oa pini mpya na kurudisha zilizolika.

"Miaka thelathini nakufahamu," alisema Spana, "sijawahi kukuona ukiharibu mlango."

"Siharibu. Narudisha milimita zilizokuwepo."

Kisha akachukua tindo na nyundo, akaingia ndani ya gari, akaifikia dashibodi. Bati aliloliunga kwa ustadi ule wote lilimpa shida kulitoa, na alipomaliza tundu likawa pale pale, mraba mweusi, linamtazama.

Jumapili ya pili mama alikuja kwa kubembelezwa. Milimita hakumfungulia mlango.

"Fungua mwenyewe, mama."

Akatafuta kitasa, akafungua, mlango ukashuka kwa mlio wake wa zamani. Mama akasimama kidogo, ameinamisha kichwa. Akaingia, akaketi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, mkono wake mmoja ukaunyanyua mlango kwa chini, mwingine ukauvuta, akaubamiza. Haukushika. Akaubamiza tena. Mkono ukaenda kwenye dashibodi, vidole vinne vikazama tunduni, na bibi yule wa miaka themanini na miwili akaanza kulia bila sauti.

Milimita alikuwa amekaa kwenye usukani. Alikuwa amejiandalia maneno wiki nzima.

"Redio niliitoa mimi, mama. Niliiuza. Hakukuwa na mwizi."

"Najua," alisema mama. Vidole bado vilikuwa tunduni. "Vile viatu si mimi niliyekuwa navipaka rangi?"

"Na baba?"

"Baba yako ndiye aliyeniambia mimi. Nikamwambia anunue nyingine, abiria wanalalamika. Akakataa. Akasema pasizibwe, aliyeitoa asije akakosa pa kuirudisha."

Milimita akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Miaka yote alidhani tundu lile linamshtaki, kumbe lilikuwa linamngoja. Na alipolifikia, alilichomelea kwa mikono yake mwenyewe, kazi safi, isiyosikika hata kwa kiganja. Alilia kama mtoto, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, na mama akamwacha alie.

"Haya," alisema mama baadaye, akijifuta kwa ncha ya nguo. "Washa, Jumapili inaisha hii."

"Redio nitaitafuta, mama. Kama ile ile."

"Ya nini tena leo? Sema wewe, mimi nasikiliza."

Milimita akatia gia, akaanza na viatu.