Utepe Uliofungwa kwa Kushuka

Usiku ule wa kuamkia mbio nilikwenda kulala nikiwa nimemdharau kila mtu aliyekuwa kwenye ukumbi wa shule. Walikuja kutoka mijini kukimbia milima yetu ya Usambara, kilomita themanini, kwa hiari yao, hakuna aliyewafukuza. Walikuwa wanakula tambi na kuonyeshana vikorokoro: fimbo za kukunja, vizibao vyenye mirija ya kunyonyea maji kama watoto wachanga, vipakiti vya sukari nzito inayonuka ndimu. Mmoja alikuwa anakipiga picha kiatu chake. Nikasema moyoni, hawa kesho watalia hata kabla ya kumaliza mashamba ya chai.

Nusu ya dharau ile ilikuwa wivu, nakiri. Nami nilikuwa mkimbiaji wa mbio hizi mpaka goti la kulia lilipokataa, na siku hizi kazi yangu ni kufunga utepe mwekundu kwenye miti ili wao wasipotee. Mama mmoja wa Dar, mara yake ya kwanza, akanifuata na sahani yake mkononi.

"Kaka, huko msituni alama zinaonekana lakini?"

"Mama, hata kipofu hazimpiti," nikamjibu, na waliokuwa karibu wakacheka.

Sikumwambia kwamba kipande cha juu, ambacho wao wangekipanda, mimi nilikifunga kwa kushuka. Mkimbiaji akipanda, mfunga utepe naye apande, auone kila mti kwa upande ule ule watakaouona wao. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii. Nilikuwa nimechoka. Nikachukua pikipiki hadi juu, nikateremka taratibu nikifunga. Utepe ni utepe, nilijiambia. Kwenye kikao bosi wa mbio aliponiuliza, nikasema nimepanda hatua kwa hatua.

Nikalala. Nikajikuta tena ukumbini, mchana kweupe, viti vitupu, na Kocha Hoza amekaa peke yake kwenye meza ya mwisho. Kocha ndiye aliyetufundisha sote kukimbia milimani, na tulimzika mwaka juzi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya plastiki, yeboyebo za bluu, matope yamekauka vidoleni. Sikuogopa. Nilifurahi, nikamsogelea, nikaona hanitazami usoni. Alikuwa analitazama bunda la utepe mkononi mwangu, namna mtu anavyotazama chakula kilichochacha.

"Shikamoo, Kocha."

Hakuitikia. Alikuwa mkali, lakini tangu nikiwa mtoto hakuwahi kuiacha shikamoo yangu chini. Nilisikia aibu hata kabla sijajua ni ya nini.

Akainuka, na ukumbi haupo tena. Tunapanda. Ni mlima ule aliokuwa akitupandisha kila Jumamosi, mikono magotini, midomo imefungwa. Anayeongea anarudishwa chini aanze upya. Goti haliniumi. Chai inapita, ukungu unapita, kisha tupo darasani na jina langu liko ubaoni naye analifuta kwa kiganja, kisha tunapanda tena. Visigino vyake viko mbele yangu na havitoi sauti kwenye majani.

"Kocha," nasema, nikidhani nitamchekesha, "wale wa mjini hata mlima hawaujui."

Anageuka nusu. Nimeshadharauliwa maishani, na mkwe na mwenye nyumba pia. Sijawahi kutazamwa vile. Nikatamani anirudishe chini nianze upya, lakini hata hilo hakunipa.

Tunafika njia panda ya mikaratusi. Hapa mbio zinakata kushoto kuingia msituni. Njia inayonyooka ni ya zamani; masika iliyopita imeimega, na mbele yake sasa ni genge tupu hadi mtoni. Nautafuta utepe wangu. Najua niliufunga, kwa mikono hii. Siuoni. Njia inanyooka, safi, inakaribisha. Nauzunguka mkaratusi wa kona, na ndipo nauona: uko kwenye tawi dogo nyuma ya shina, unang'aa vizuri kabisa kwa mtu anayetoka juu.

Nasikia mtu anahema. Ni yule mama wa Dar, namba kifuani, uso umejaa jasho na furaha. Anatupita. Nataka kumwita na mdomo haufunguki. Ananyoosha moja kwa moja, kwa sababu hakuna kitu kilichomwambia akate. Nyuma yake anakuja mwingine. Wanafuatana wameinamisha vichwa, wanaiamini njia, na Kocha hawatazami wao. Ananitazama mimi.

"Umewawekea alama watu wanaorudi," anasema. "Nani kakuahidi kwamba watarudi?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia nilichoka, nikamwambia habari za goti. Akatema mate pembeni.

"Goti halijamdanganya mtu. Ni wewe uliyesema umepanda. Kaseme umeshuka."

Nikaamka mto umelowa. Kulikuwa kunapambazuka, na kutoka uwanja wa shule nilisikia mtu anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Nikapiga simu nikiwa bado kitandani.

"Bosi, usiwaruhusu waondoke."

"Unaumwa?"

"Kipande cha juu nilikifunga kwa kushuka. Pale mikaratusini hawataona kitu. Watanyoosha mpaka gengeni."

"Si ulisema umepanda? Mbele ya watu?"

"Nilidanganya."

Nyuma yake nilisikia wakimbiaji wanacheka na muziki umeanza.

"Na leo asubuhi ndiyo umekumbuka? Nani kakuambia?"

Ningeweza kusema lolote, naye angekuwa na haki ya kunicheka mbele ya ukumbi mzima.

"Kocha Hoza," nikasema.

Bosi naye ni mwanafunzi wa Kocha; siku ya mazishi tulibeba jeneza bega kwa bega. Aliposikia jina hilo akanitukana, tusi la kweli, la nguoni, na muziki kule nyuma yake ukazimwa.

"Nawazuia hapa," akasema. "Wewe panda."