Askari wa Bure

Mjomba alishuka kutoka Matombo asubuhi na mkungu wa ndizi na begi tupu. Mkungu aliuweka mlangoni kwetu Kihonda. Begi alikwenda nalo hadi ukumbi wa mashindano.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ujombani. Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule kidato cha pili, nikamlea mdogo wangu wa kike kwa kuuza mchicha, lakini neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Tulikubaliana: mdogo wangu akishinda fainali ya sataranji, shule iliyoandaa mashindano itampa nafasi ya bweni bure. Akishindwa, atapanda mlimani kulea watoto wa mjomba.

Mawingu yalikuwa yameufunika mlima Uluguru. Ukumbini taa ziliwashwa mchana. Mdogo wangu alisukuma askari wa mbele ya malkia hatua mbili, kama baba alivyotufundisha. Mpinzani wake, msichana mwenye miwani, hakufikiri hata kidogo. Alisogeza askari wake palepale pa kuliwa, bila mlinzi, akakunja mikono.

"Kapewa wa bure huyo," mjomba alininong'oneza. "Mbona hamli?"

Tangu tufiwe nilimfundisha mdogo wangu jambo moja: ukipewa, pokea kwa mikono miwili, sema asante. Unga, daftari, nguo za watu. Hatukuuliza kinachofuata nyuma yake.

Akamla.

Malkia wa yule msichana akatoka, akamtisha mfalme, akapita pembeni akila. Mdogo wangu akasogeza askofu amnase. Ndipo yule msichana alipotabasamu. Hatua tatu tu, na mfalme wetu hakuwa na pa kukimbilia.

Nyuma yangu nilisikia zipu ya begi ikifunguliwa.

"Twende ukachukue nguo, mama," mjomba alimwambia mdogo wangu.

Nyumbani niliunyanyua ule mkungu, haujakatwa hata chane moja, nikamwekea miguuni.

"Mjomba, samahani. Ndizi zako hizi. Mtoto haendi."

"Unavunja ahadi?"

"Navunja."

"Utamsomesha na nini? Na mchicha wako?"

"Na mchicha wangu."

Mjomba akajitwika mkungu, na begi akalitundika mwenyewe kwenye msumari wa mlango wetu.

"Hili nitalifuata," alisema.

Bado linaning'inia hapo. Mdogo wangu akitoka kwenda shule hulipita bila kuligusa.