Mshonaji wa Chumba cha Mvuke

Kwa miaka kumi na tisa, mama mmoja alishona viraka katika chumba cha kufulia nguo za hospitali. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha, nyuma ya shuka zilizoanikwa, na wenzake walimwita Bi Kimya. Hawakuwa na ubaya naye, walimsahau tu. Jioni moja walizima taa wakafunga mlango, yeye akiwa bado ndani.

Hakulalamika. Aliupenda weupe ule wa shuka. Mashine zilinguruma polepole, mvuke ukapita kati ya shuka, na baada ya chakula cha mchana hata yeye hakujua kama yu macho au anaota.

Mchana mmoja wa namna hiyo alikuwa akishona pindo la mkono wa koti la msimamizi wao. Sindano ilikwenda yenyewe. Alipozinduka, alikuta ameuziba mkono wote, umekuwa kama foronya. Akataka kuufumua. Akatazama huku na huku, kisha akalitundika koti mahali pake.

Kesho yake msimamizi, mwanamke mrefu asiyecheka hata kwa dawa, aliingiza mkono kotini ukakwama. Akasukuma. Akazunguka mara mbili, kama anayecheza ngoma na mtu asiyeonekana. Wafuaji walijikaza kisabuni, wakashindwa, wakaangua kicheko.

"Ni wewe!" msimamizi alimwambia mpiga pasi, ambaye ndiye aliyekuwa na utani kuliko wote.

"Kama ni sifa, nazipokea," alijibu, akainama kama mwigizaji jukwaani.

Nyuma ya shuka, Bi Kimya aliuma uzi. Kifuani alihisi kitu chepesi, kama povu linalopanda.

Tangu hapo, kila baada ya wiki kadhaa, aliziba kitu: mfuko wa aproni ya mkunja shuka, kofia ya dereva. Mshono wake ulikuwa mwepesi; ukivuta ncha moja ya uzi, wote unafumuka. Lawama zote zilimwendea mpiga pasi, naye akazidi kutamba.

Mpaka wakaja wakaguzi. Msimamizi aliwapeleka hadi mlango wa stoo, akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti atoe funguo. Funguo alizipapasa kwa nje, lakini mfuko haukuwa na mdomo. Wageni wakasimama wakingoja, yeye akijikuna kiunoni kama aliyeingiwa na siafu.

Walipoondoka, alimwita mpiga pasi. "Kuanzia kesho utachambua nguo chafu. Na barua ya onyo inakuja."

"Mama, safari hii si mimi. Naapa!"

"Na zile nyingine?"

Mpiga pasi akajikuna kisogo. Sifa zilikuwa zimemponza.

"Ni mimi," sauti ilisema. Mashine ziliimeza. Bi Kimya akatoka nyuma ya shuka. "Nimesema ni mimi."

Watu wakacheka. Msimamizi akamwambia kwa upole, "Dada yangu, usimbebee mtu mzigo wake."

Bi Kimya hakubishana. Alichukua koti, akatunga uzi, akaziba mfuko wa pili mbele yao, kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Kisha akavuta ncha. Mfuko ukafunguka. Watu wakasogea karibu, wakautazama uzi uliobaki mkononi mwake.

"Tangu lini?" msimamizi aliuliza.

"Tangu ule mkono wa koti lako. Ule nilisinzia. Mengine yote nilikuwa macho."

Midomo ya msimamizi ilitetemeka. Akageukia ukuta haraka. Alipogeuka tena uso ulikuwa umekunjwa vizuri. "Wiki mbili nguo chafu. Wewe, si yeye."

Zikawa wiki mbili za ajabu. Watu walimfuata huko na vikombe vya chai. Mkunja shuka ndipo alipojua kwamba Bi Kimya ana mapacha, tena wameshaoa.

Aliporudi mezani pake, mpiga pasi alivuta kiti. "Mama, nifundishe ule mshono."

"Wa nini?"

"Shemeji yangu ana suruali anayoringia kila Jumamosi."

Akampa sindano. Mpiga pasi akalikosa tundu mara nne, ulimi nje, jicho moja limefumbwa. Bi Kimya akacheka, kwa sauti nene iliyotoka tumboni, na ndani ya mvuke vichwa vikainuka kimoja kimoja, kila mtu akiuliza ni nani huyo.