Nguo ya Bawa la Gerezani

Mtu akikuambia ile ndege ya Gerezani ilitengenezwa na wanaume wa vita, mlete kwangu Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ninapokaanga vitumbua. Nitampa kitumbua kimoja na ukweli wote. Mbao alichonga Gaudens seremala, hilo silikatai. Lakini mabawa ya ndege ile yalikuwa ya nguo, na nguo haichongwi! Aliishona mwanamke, tena kwenye baraza letu, kwa cherehani ya mkono, huku wateja wake wa magauni wakimnunia. Jina lake Theopista. Alikuwa mke wa kaka yangu Marcelino, na mimi ni wifi yake, kwa hiyo nikimsifu msidhani napendelea. Mawifi hatusifiani bure.

Tulitoka naye Masasi. Siku ya harusi yao alivaa gauni aliloshona mwenyewe, na kaka yangu akaja kanisani na koti la kuazima, mikono imeishia kwenye viwiko. Watu tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Theopista hakucheka. Kabla chakula hakijapakuliwa alikuwa ameshalifumua lile koti na kuishusha mikono, na mwenye koti kulia nusura alie. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikikaa vibaya mbele yake, hali wala hanywi.

Kisha vita vikaja, kaka yangu akachukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma. Hakurudi. Hatukupata kaburi, hatukupata hata kifungo cha shati. Aliyerudi ni mwenzake, Shomari wa Magomeni, mguu mmoja haukunjiki. Yeye na wenzake wachache wakapewa banda mtaa wa Gerezani, wakaweka humo kofia za chuma, mabirika na tarumbeta, wakaliita nyumba ya kumbukumbu. Ukutani wakapigilia ubao wenye majina ya wasiorudi. Theopista kila Jumapili akitoka Misa alipitia pale, akafuta vumbi kwenye jina la mumewe.

"Wifi, hapa ndipo kwenye kaburi langu," aliniambia. "Wengine wana msalaba, mimi nina ubao."

Ndege yenyewe ilikuwa ya jeshi, ndogo, ya mabawa juu na chini, imetupwa kwenye majani tangu vita viishe. Akina Shomari waliifungua vipandevipande wakaikokota kwa mkokoteni mpaka Gerezani, watoto nyuma wakishangilia. Mimi nilidhani wamepata wazimu. Panya walikuwa wamezaa ndani yake! Lakini Shomari alikuwa na sababu yake. Kule Burma alipovunjika mguu, ndege ya namna hiyohiyo ndiyo iliyomtoa msituni, amelazwa nyuma ya rubani kama gunia. Alilieleza hilo kwa kila mtu, hata ambaye hakumwuliza.

Basi wenye kiwanja wakalitaka banda lao. Wakasema watakuja Jumatatu asubuhi kutazama: wakikuta kumbukumbu, itabaki, wakikuta takataka, vyuma vitakwenda kwa wafua sufuria na banda litavunjwa. Na ubao? Ubao ungekuwa kuni. Theopista aliposikia hivyo aliacha gauni la bibi harusi mmoja nusu, akaenda kupima bawa.

Alishona kwa bafta, nguo nyeupe ile, akaikaza kwenye mbavu za mbao za bawa kwa uzi aliousugua nta. Ikabaki kazi ya kuifanya iwe ngumu. Shomari akasema jeshini walikuwa na dawa yao ya kupaka, ila hapa haipatikani. Theopista akacheka.

"Shemeji, mimi nanyoosha kanzu za watu wazima miaka yote hii. Nitashindwa na bawa?"

Akapika wanga wa muhogo, akapaka. Loo! Nguo ilikaza ikalia kama ngoma. Tulishangilia sote, na mimi niliyekuwa nawacheka nikapeleka vitumbua vya bure. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba wanga wa muhogo ni chakula.

Mbuzi walifikiri. Jumapili tumetoka Misa, tunafungua banda, tunawakuta wawili, wa jirani, wamepenya kwenye mabati. Bawa la chini la kushoto limebaki mbavu tupu, na mmoja ananitazama huku kipande kinaning'inia mdomoni. Niliwatukana matusi ambayo ilinibidi kuyaungama. Maduka yamefungwa, nguo imekwisha, wakubwa wenye kiwanja wanakuja kesho. Theopista alikaa chini ya ubao, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya habari ya kifo.

"Nimemvunjia kaburi kwa mikono yangu," alisema.

Shomari alitoka akichechemea, tukadhani amekata tamaa. Aliporudi kutoka Magomeni alikuwa na furushi kwapani linanukia kafuri. Sote tulijua ni nini, maana tulimtania nalo miaka: sanda yake. Aliinunua aliporudi kutoka vitani, akaiweka sandukuni.

"Uchuro huo!" Gaudens alipiga kelele. "Sanda kwenye ndege?"

"Nyamaza," Shomari akasema. "Nguo ya namna hii nilikuwa niivae kule Burma, ndege ikanikatalia. Sasa na iivae yenyewe. Shemeji, shona."

Theopista alifuta machozi kwa upande wa kanga, akapokea. Tulishona wote siku ile, wanaume wale wa vita wakichomwa na sindano na kulalamika kama watoto. Wanga ukapigwa marufuku. Gaudens alileta gundi yake ya mbao na rangi ya mafuta ya milango, tukapaka mabawa yote manne mpaka jua likazama.

Jumatatu wakubwa walikuja. Ndege ilikuwa imesimama mlangoni, inang'aa, na akina Shomari wamejipanga wamevaa medali. Yule mkubwa wao aliizunguka. Akafika kwenye lile bawa, akanyoosha mkono.

"Usiguse, bwana!" Theopista akasema. "Rangi mbichi."

Yule bwana akaurudisha mkono haraka, akacheka. Akauliza nani kashona. Nilijiandaa kuona wanaume wakivimba vifua. Hapana. Shomari alimshika shemeji yake bega akamsogeza mbele, kisha akajinyoosha na mguu wake ule mbovu, akampigia saluti. Wenzake nao wakapiga. Moyo wangu ulijaa, jamani, nikatamani Kariakoo nzima iwepo.

"Banda libaki," mkubwa akasema.

Tulirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Theopista alitembea kichwa juu, vidole vimejaa rangi. Halafu akanishika mkono.

"Wifi," akasema, "leo kaka yako kapata sanda."

Nilitaka kulia, nikacheka.

"Kapata," nikamwambia, "tena ya kuazima, kama lile koti."