Nilipomtafsiria Papa Mjini Beni

Shule niliyoiomba iko mbali sana na mji wetu wa Butembo, kusini kabisa mwa Afrika, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi. Nilituma maombi kwa simu ya mwalimu wetu wa hesabu. Jibu lilipokuja, lilisema walimu wawili wa shule hiyo wangepita Beni kuonana na waombaji wa upande wetu, na kila mmoja aje na mzazi. Ndiyo maana nikasafiri na baba yangu, Papa, na ninawaandikia haya wenzangu wa darasa ambao hadi leo wananiuliza yalikwendaje.

Papa ni dereva wa lori. Anabeba viazi na vitunguu kutoka Kipese, na tangu nikiwa mdogo likizo zangu nimezimaliza kwenye kiti cha pembeni yake. Nyumbani husema machache, lakini akishika usukani anakuwa msimulizi. Safari hii alipakia viazi vya kuuza Beni.

Tuliondoka Butembo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mikaratusi. Mama alinifunga kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga tena. Papa akamwambia tunaenda Beni tu, hajaniozesha. Mama akacheka, kisha akaingia ndani haraka.

Maboya tulisimama kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Askari alitazama kadi zetu, akauliza tunafuata nini Beni. Papa akamjibu kwa fahari kwamba mtoto anaenda kuomba nafasi ya masomo ng'ambo. Yule askari akauliza kama wanapokea na watu wazima. Tulimwacha akicheka peke yake, akishusha kamba tupite.

Kuanzia Kabasha barabara ilizidi kushuka na joto likatupokea. Nilikuwa nikijizoeza maneno yangu ya Kiingereza. Papa, ambaye kwa kawaida angekuwa amekwisha kunipa hadithi tatu, alikuwa akisikiliza tu.

Beni tulifikia kwa shangazi Aziza, dada mkubwa wa Papa, ambaye mume wake ananunua kakao upande wa Oicha. Uani kwake kakao ilikuwa imeanikwa, harufu yake kali kama siki. Alitupa wali na sombe ya majani ya muhogo, akamwuliza Papa kama ameshauambia moyo wake kwamba mtoto anaondoka. Papa akasema kwanza ashushe viazi.

Mchana tulikwenda kwenye darasa ambalo wale walimu walikuwa wameazimwa. Mmoja alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe. Mwingine alikuwa mama Mwafrika mwenye mtandio wa bluu, aliyekuwa akiandika bila kusema neno. Walinipa mtihani wa hesabu, kisha maswali kwa Kiingereza, na nilijibu vizuri. Halafu yule mzee akamgeukia Papa na kuniomba nitafsiri: kuna nini wanachopaswa kujua kuhusu mtoto huyu?

Papa aliweka mikono juu ya magoti.

"Wakati shule zilifunga juu ya vita," akasema, "huyu alikusanya batoto ba avenue yetu, akabafundisha kusoma chini ya bâche, turubai ya gari yangu. Nilikuwa na safari ya Kasugho. Nikabaona banasoma, nikashindwa kutoa gari. Mama, baambie."

Ananiita mama tangu nizaliwe. Nikamwambia mzee kwamba baba anasema ninapenda kusaidia watoto.

Mzee akauliza ni kitu gani kitamtia baba wasiwasi nikienda. Nikamtafsiria Papa, naye akajibu:

"Siogope kama atapotea. Huyu hawezi potea. Naogopa kitu moja tu: atanionea huruma. Atasema, nani atakaa na Papa ndani ya gari, halafu atabakia. Mumwambie aende. Mimi njia naijua."

Ilikuwa kweli. Juma lile lote nilikuwa nikiwaza kuyafuta maombi, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikasema kwa Kiingereza kwamba baba atanikumbuka.

Yule mama akaweka kalamu chini, akasema kwa Kiswahili cha pwani: "Binti, baba yako amesema zaidi ya hayo. Mimi mtu wa Tanga, nimemsikia. Mwenzangu hajasikia. Mwambie yote."

Basi nikarudi mwanzo. Nikasema habari ya turubai, ya safari ya Kasugho aliyoiacha, na ya huruma. Nilipofika kwenye njia anayoijua, machozi yalinitoka, nikayafuta na kuendelea. Hakuna aliyeniharakisha. Papa, ambaye Kiingereza hakijui, alikuwa akiutazama mdomo wangu kama anavyotazama daraja la miti kabla ya kulipita na gari.

Nje akaniuliza kama nimeshindwa, maana nimelia. Nikamwambia hapana. Akataka kujua kwa nini yule mama alificha Kiswahili chake muda wote ule.

Kesho yake, tukipanda kurudi Butembo, nilimwambia kwamba ni kweli nilitaka kubaki.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unasoma ile Kizungu pole pole, sawa mutu anataka kuisahau."

Kisha akaanza hadithi, na hakunyamaza hadi tulipofika nyumbani.

Majuma yalipita kabla ya jibu kufika. Nimepokelewa. Papa alikuwa Kipese, na nilimngojea mlangoni hadi gari liliporudi. Aliposikia, alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniuliza ninapita mpaka gani. Nikamwambia Kasindi.

Nilijifunza Beni kwamba mtu anaweza kukaa kando yako miaka yote akiongea, na lile neno moja akaliweka hadi aulizwe na mgeni. Sasa sanduku langu liko tayari. Papa anasema siku nitakayoondoka ana mzigo wa kupeleka Kasindi, kwa hiyo tutakwenda pamoja. Mzigo huo hakuna aliyeuona, na hapa nyumbani hakuna anayemuuliza.