Jibu la Binti wa Wafugaji

Ofisa mmoja wa elimu alikuja shuleni kwetu Gendabi kuchagua mwanafunzi wa kwenda mashindano ya sayansi ya mkoa. Nafasi ilikuwa moja tu. Ofisa mwenyewe tai shingoni, kichwani hamna kitu. Mimi nafundisha fizikia, najua ninachosema.

Alimsimamisha binti wa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji, mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha. "Chombo cha angani kisicho na mtu ndani kinataka kupita karibu kabisa na sayari. Siku yenyewe ya kupita, wataalamu wanafanya nini?"

"Shikamoo mzee," akasema binti. "Hawafanyi kitu. Wanasubiri."

Darasa likacheka. Hakutetereka.

"Ni kama kupitisha ng'ombe kando ya mahindi ya jirani. Unawageuza wakiwa bado mbali. Ukingoja wafike ukingoni, fimbo haisaidii, wameshaingia shambani. Chombo nacho wanakirekebishia njia wiki nyingi kabla. Maagizo yote wanakipa mapema, lini kigeuke, lini kamera ziwake. Kikishafika huko, ujumbe wa kutoka huku unachelewa mno."

Jamani, lilikuwa jibu lenyewe! Mengine nilimfundisha mimi, lakini wale ng'ombe aliwaleta yeye mwenyewe.

Ofisa akachekea puani. "Ng'ombe angani! Rubani anakata kona, binti. Kaa chini."

Rubani! Kwenye chombo kisicho na mtu ndani! Yaani limtu lizima linauliza swali huku lenyewe halijui jibu lake, halafu linacheka. Akamchagua mwingine, aliyekariri majina ya sayari zote na asielewe chochote.

Wanafunzi wakanigeukia mimi. Kwetu mkubwa hasahihishwi mbele ya watoto, tena mgeni, tena niliyempa shikamoo asubuhi ile ile. Nikajifanya natafuta chaki.

Wenzake walipotoka, binti alinifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu. "Mwalimu, nilikosea wapi?"

Ofisa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anakunywa chai yetu. Nikamjibu binti, "Hukukosea sana."

Akaniangalia, kisha akashusha macho. Alijua kwamba najua.

Yule ofisa namdharau mpaka leo, na sitaacha. Lakini angalau yeye alikuwa hajui. Binti bado ananiamkia kila asubuhi, shikamoo mwalimu, kwa heshima ile ile, na mimi bila haya naitikia marahaba.