Fremu Iliyomeza Chupa

Walimwita Fundi Pembe kwa sababu ya pembe za fremu zake. Akikutanisha mbao mbili, hata ukucha haupiti katikati. Hiyo ilikuwa enzi ambapo mtu akioa au akihitimu alipeleka picha kwa fundi, ikawekewa kioo, ikatundikwa sebuleni mpaka wajukuu wakamjua babu yao kwa sura. Siku hizi kila mtu ana picha elfu mfukoni na hakuna hata moja anayoijua. Akitaka fremu hununua ya plastiki, ambayo pembe zake huachana kabla hajafika nyumbani.

Kazi ilipungua, Fundi Pembe akaanza kunywa. Au alianza kunywa, kazi ikapungua. Yeye na mkewe hawajawahi kukubaliana ni lipi lililotangulia. Mwisho wake alilazwa, akatetemeka kitandani mpaka meno yakagongana, akarudi nyumbani hagusi tena pombe, na mwoga. Tangu hapo mkewe huja dukani kila jioni wakati wa kufunga. Husema anapita tu. Hukaa kwenye kigoda, huvuta pumzi kidogo puani, kisha hutazama pembeni.

Asichokijua ni kwamba nyuma ya rundo la mbao, chini kabisa, kuna chupa moja ambayo haijafunguliwa. Fundi hakuinunua ili anywe. Aliinunua kwa ajili ya siku atakayoshindwa kabisa, kama wengine wanavyoweka akiba ya dawa ya homa. Ndivyo alivyojiambia. Lakini kila asubuhi akifungua mlango, jicho lake hukimbilia pale kwanza.

Katika hali hiyo ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mama mrefu mwenye sauti ya kunyamazisha darasa, alipomletea picha aliyoichora mwenyewe kwa rangi. Mwanamke ameketi mezani, mikono mapajani, nyuma yake ukuta wa kijivu. Anatazama upande wa kulia, na huko, ukingoni mwa meza, kuna chupa.

Maisha yake yote Fundi Pembe alikuwa hatazami picha. Alitazama kingo: urefu, upana, imepinda wapi. Hii ilimshinda. Mwanamke yule alikuwa na mabega ya mkewe, yale ya kwenye kigoda. Kila alipoiegemeza ukutani ili apime, alijikuta amevuta kiti.

Fundi cherehani wa duka la jirani akamchungulia. "Pembe, siku hizi unatengeneza au unatazama?"

"Napima."

"Unapima kwa macho? Basi na mimi kesho nashona kwa masikio."

Mwanamke wa pichani alimtuliza. Chupa ilimnyima raha. Akiitazama mate yalimjaa mdomoni, na kichwa chake kikageuka chenyewe kuelekea kwenye mbao. Basi akafanya jambo ambalo mtengeneza fremu peke yake ndiye angelifikiria. Kila fremu ina mdomo, ukingo wa ndani unaoishika picha, na mdomo huo hula picha kidogo pande zote bila mteja kujua. Fundi akachagua mbao yenye mdomo mpana, akaongeza kadi nyeupe ndani yake, akaivuta kutoka kulia mpaka chupa ikamezwa yote. Akapiga misumari haraka haraka, kama mtu anayefunga jeneza.

Mwalimu alikuja mchana. Aliitazama picha, akamtazama fundi.

"Chupa yangu iko wapi?"

"Ni mdomo wa fremu, mwalimu. Hula kidogo."

"Huu haukula kidogo, umekula ukashiba. Fundi, mimi nimefundisha watoto waongo ujana wangu wote. Hebu mtazame huyu mama. Bila chupa anatazama nini? Umemfanya kichaa mtu mwenye akili zake."

Fundi akatazama, akaona ni kweli. Mwanamke alikuwa amekodolea macho mahali patupu.

"Kwani ilikuwa chupa ya nini?" aliuliza.

"Ya mafuta ya taa. Wewe ulidhani ya nini?"

Mwalimu alimtazama kwa muda, kisha sauti yake ikashuka. "Itengeneze upya. Nitaipitia kesho asubuhi."

Fundi aling'oa misumari kwa haraka, nusura apasue kioo. Alipoinua kadi chupa ilirudi, na mwanamke naye akatulia. Sasa alikuwa na cha kutazama. Mafuta ya taa au si mafuta ya taa, kwa fundi haikuwa na tofauti tena. Kule nyumbani, tangu arudi kutoka hospitali, hakuna aliyeitaja pombe. Bilauri ziliondolewa kabatini, shemeji zake walikuwa wakikatiza maneno akiingia. Na mkewe kila jioni alikodolea macho mahali patupu, kwa sababu yeye fundi ndiye aliyepafunika.

Akahamisha mbao, akaitoa ile chupa. Ilikuwa baridi. Angeweza kuifungua. Angeweza pia kwenda kuimwaga mtaroni, na hakuna ambaye angejua; lakini kuimwaga kimya kimya kungekuwa kadi nyingine nyeupe. Alikuwa bado ameishika aliposikia ndala za mkewe barazani. Akaiweka juu ya meza ya kazi, kando ya picha, akarudi nyuma.

Mkewe aliiona kabla hajaketi.

"Umekunywa?"

"Sijaifungua. Angalia kizibo."

Alikikagua, akainusa chupa, akamkaribia akamnusa na yeye. "Iko hapa tangu lini?"

"Tangu wiki niliyotoka hospitali."

Akaketi. Hakumtukana, ingawa fundi alitamani atukanwe. Kisha macho yake yakaifikia picha.

"Na huyu?"

"Picha ya mwalimu mmoja. Nadhani anamngoja mtu."

"Hangoji mtu, baba watoto. Amechoka."

Macho ya mkewe yakarudi kwenye chupa.

"Kuna nyingine?"

"Hakuna."

"Nakuuliza, kuna nyingine?"

"Hakuna, mama watoto."

Ilikuwa kweli. Lakini aliisikia sauti yake, ile ile aliyomdanganyia miaka yote. Hakuwa na sauti nyingine ya kusemea ukweli. Mkewe aliinuka, akakunja mikono ya gauni, akaanza kushusha mbao kutoka kwenye rundo, moja moja, akichungulia nyuma ya kila moja. Fundi alisimama roho juu, kana kwamba hata yeye hajui kitakachoonekana. Mwishowe akasogea, akanyoosha mikono, akawa anazipokea.